Makombe ya Korongoni

Pikapu ya Adolfu ilisimama mbele ya nyumba ya Avelina wakati mtaa mzima wa Izia uko macho. Wanawake walikuwa wanatoka bombani, fundi baiskeli ameketi kivulini, watoto wanarudi shule. Adolfu mwenyewe hakushuka. Vijana wake walipanda nyuma, wakafungua viroba kimoja baada ya kingine na kuvimwaga palepale mlangoni mpaka kizingiti kikapotea. Hayakuwa mahindi wala ulezi. Yalikuwa makombe, yale magamba ya viumbe wa majini, meupe na ya kahawia, ambayo Avelina na mumewe walikuwa wakiyachimba bondeni na kumuuzia Adolfu ayasage, ayachanganye kwenye chakula cha kuku.

"Mama Zita," Adolfu alisema akiwa dirishani mwa gari, kwa sauti ya kufika hadi nyumba ya tatu, "mawe yenu hayo. Mnawalisha kuku wa watu mawe."

Avelina alikuwa jikoni anachekecha unga. Alitoka na chekeche mkononi, vumbi la unga limemkaa kwenye nyusi, akasimama upande wa ndani wa lile rundo kwa kuwa njia ya kutokea haikuwepo. Alimsalimia. Adolfu hakuitikia. Alieleza shida yake kwa kirefu, huku watu wakisogea kidogo kidogo kama wanaopita tu. Kuku wa mke wa mkubwa mmoja wa mkoa, banda zima, walikuwa wanataga mayai yasiyo na gamba, malegevu kama vifuko vya maji. Mama yule alimwita nyumbani kwake na kumwonyesha mayai hayo kwenye sinia mbele ya wageni. Tena nyundo za mashine yake ya kusagia zilikuwa zimevunjika kwa sababu ya viroba hivi hivi. Sasa alitaka haki yake, na haki yake ilikuwa juu ya kichwa cha Avelina: mabati aliyowapa mwaka uliopita kama malipo ya mbele, wayafidie taratibu kwa makombe.

Alisema fundi wake atakuja kuyang'oa. Kisha pikapu ikageuza, ikaponda baadhi ya makombe kwa gurudumu la nyuma, ikaondoka.

Benjamini, mume wa Avelina, alikuwa uani muda wote huo. Alisikia kila neno na hakutoka. Tangu shirika lililomwajiri lifungwe na magari yake kunadiwa, alikuwa mtu wa uani. Miaka kumi na kitu alikuwa mtunza stoo, mtu wa kuamkiwa. Kisha ikaja siku moja akarudi nyumbani mchana, akakaa, na tangu hapo hakupata tena kazi ya kueleweka. Avelina alimkuta amechutama mbele ya ungo wake, ameukumbatia kwa mikono miwili kana kwamba wale vijana wangeumwaga na huo.

Ungo ule ulikuwa na makombe pia, ila ya kuchagua. Alipokuwa akichimba, Benjamini aliyaweka kando yale mazima, yaliyofumbana pande zote mbili. Aliyasugua kwa gunzi, akayapanga kwa maumbo: ya mviringo mahali pake, marefu mahali pake, yaliyokunjamana kama sikio peke yake, na madogo madogo kwenye fungu lao. Angeweza kukaa nayo kutwa, anageuza hili na lile. Avelina alikwishachoka kumuuliza anatafuta nini humo.

"Baba Zita, umesikia?"

"Nimesikia."

"Unasemaje?"

Benjamini alifikiri kidogo. "Si mawe," alisema. "Mawe hayafungui mdomo."

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, kila mtu na mradi wake. Mshahara haukumfikisha mtu katikati ya mwezi, kwa hiyo kila mwenye kazi Sumbawanga alikuwa na banda la kuku wa mayai nyuma ya nyumba, na Adolfu, aliyekuwa na duka la khanga na sabuni pale Majengo, alinunua mashine ya chakula cha kuku. Kuku wa mayai hataki nafaka tu, anataka na chokaa, yai lipate gamba. Makombe ya kusaga yalitoka Kipili, ziwani Tanganyika, ila mvua zikiharibu barabara lori halipiti. Avelina ndiye aliyemwambia Adolfu kwamba kwao, bondeni Rukwa, chini ya milima ya Mbizi, kuna korongo lililojaa makombe hata huwezi kukanyaga bila kuyavunja. Na ajabu yake, ziwa lenyewe liko mbali na hapo, mwendo wa asubuhi nzima.

Hivyo ndivyo walivyopata mabati. Kulikuwa na jambo jingine ambalo Avelina hakumwambia Adolfu wala mtu yeyote. Makombe ya juu, meupe na mepesi, yalianza kwisha baada ya msimu wa kwanza. Wakashuka chini zaidi, wakakuta ya kahawia. Haya yalikuwa mazito, na ukiyagonganisha yalilia kama chuma. Adolfu alinunua kwa mizani.

*

Avelina alimfuata Adolfu ofisini kwa mtendaji wa kata siku ileile, habari isije ikasikika huko kwa upande mmoja. Mtendaji, bwana Ignasi, alikuwa mtu wa kuchoka, mwenye meza isiyo na droo. Aliwasikiliza wote wawili huku akijipepea kwa jalada. Mwisho akasema yeye si mtaalamu wa kuku wala wa mawe. Mama Zita alete mtu wa serikali anayejua, aseme mbele ya watu hivi vitu ni nini. Akisema ni makombe, mabati yanabaki. Akisema ni mawe, mabati yanashuka, na mume wake atakwenda polisi kueleza utapeli. Aliwapa mpaka Jumamosi ya juma lililofuata.

Kesho yake Avelina alivaa kitenge cha kanisani, akafunga makombe machache kwenye leso, akaenda ofisi ya uvuvi. Alikaa kwenye benchi mpaka jua likahamia miguuni pake. Bwana aliyempokea aliliangalia kombe bila kulishika. Alimwambia kwa upole kwamba ofisi yake inahusika na viumbe walio hai majini, na huyu, kama kweli aliwahi kuwa hai, amekwisha kuwa jiwe. Mawe ni ya madini. Avelina akavuka barabara hadi ofisi ya madini. Huko mlinzi alitaka kujua kwanza mama amewaletea nini cha chai, na alipoona leso haina noti alimwacha asimame. Karani aliyetoka hatimaye alicheka, akaita wenzake waje kuona mama aliyeleta madini ya konokono. Alisema kama ni vito aonyeshe leseni yake ya kuchimbia, na kama ni wadudu wa ziwani arudi uvuvi.

"Uvuvi wamenituma hapa," Avelina alisema.

"Basi warudishie salamu."

Alirudi uvuvi kwa sababu hakujua aende wapi kwingine. Ofisi ilikuwa imefungwa kwa chakula cha mchana. Alikaa tena kwenye benchi, na akiwa pale aliona haya kwa namna ambayo hakuona haya hata siku ya kumwagiwa viroba. Watu wa ofisini waliporudi na vijiti vya meno midomoni, alijikuta ameyaficha yale makombe chini ya kitenge kama kitu cha kuiba. Ni mfagizi wa ofisi, mwanamke wa makamo aitwaye Kristiana waliyesali naye parokia moja, aliyemnong'oneza kwamba kuna msichana wa miamba ametoka Dodoma, amepanga nyumba ya wageni ya Majengo, anapima bonde lote kwa Land Rover. Watu wanamwita Fortunata. Amwahi asubuhi, kabla hajatoka.

*

Fortunata alikuwa anakunywa chai barazani, amevaa suruali na buti zenye udongo. Alikuwa kijana kuliko Avelina alivyotegemea. Alisimama, akaamkia shikamoo, akamvutia kiti. Avelina, ambaye tangu juzi hakuna mtu wa ofisi aliyemvutia kiti, alipungukiwa na maneno aliyokuwa ameyapanga njiani. Alifungua leso tu.

Msichana aliweka kikombe chini. Alilichukua kombe la kahawia, akaligeuzageuza, akalipeleka karibu na jicho kwa kioo kidogo alichokivaa shingoni. Kisha akalichukua jeupe, akafanya vilevile. Akauliza yametoka wapi, na kama yapo mengi. Avelina akasema yapo korongo zima. Fortunata akasema leo anashuka bondeni. Ikiwa mama ana nafasi, yeye na mzee wake, waende wote wakamwonyeshe.

Benjamini aliingia kwenye gari na ungo wake, ameufunika kwa gunia. Njia nzima ya kuteremka Mbizi, kwenye zile kona ambazo abiria hufumba macho, aliushika magotini usitikisike. Hewa ya baridi ya juu ilibaki nyuma, joto la bondeni likawapokea, na mbele yao ziwa likaonekana kama mstari wa bati.

Korongo lile lilikuwa karibu na boma la Mayunga, Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake kutoka Shinyanga miaka ya nyuma. Kwato za ng'ombe hao, wakishuka kunywa maji, ndizo zilizokata kingo za korongo mpaka makombe yakatokeza, na mkokoteni wake ndio uliobeba viroba hadi barabarani. Aliwapokea vizuri, ila aliitazama Land Rover ya serikali kwa jicho la mtu aliyewahi kuhamishwa.

Fortunata aliteleza mpaka chini ya korongo, akauchonga ukingo kwa nyundo, ukuta ukaonyesha mistari yake. Juu kulikuwa na ukanda mweupe unaopukutika. Chini yake udongo wa mfinyanzi, na chini ya huo ukanda wa kahawia, mgumu, ambao nyundo iliugonga ikadunda. Akaupapasa kwa kiganja.

"Hapa palikuwa ziwa," alisema.

Mayunga alicheka, akaonyesha kwa fimbo lile ziwa liliko.

"Hilohilo, mzee. Lilikuwa limejaa mpaka hapa tuliposimama. Zamani ambazo hakuna ukoo unaozihesabu."

Benjamini akafunua ungo. Alifanya hivyo polepole, na akarudi nyuma hatua kama mtu aliyetandika chakula asichojua kama kitapendwa. Fortunata alichutama. Alichagua kombe moja, akalipasua kwa ncha ya kisu mahali pande mbili zinapokutana, akamwonyesha Benjamini bawaba yake. Hii ina meno, alisema, tazama yanavyoingiliana. Hii nyingine haina. Kwa hiyo ni koo mbili tofauti, hata kama kwa nje zinafanana, na hapo mzee amezichanganya. Na hizi zenye mikunjo kama sikio hazikai topeni kabisa, hujigandisha kwenye mwamba. Basi mto ulikuwa unaingia ziwani hapa karibu. Alilisifu fungu hili, akalivunja fungu lile. Benjamini alikuwa amepiga magoti. Hakuonekana kuumia kwa kukosolewa. Alitoa yasiyo na meno, akayaweka kando moja moja, midomo yake ikicheza bila sauti.

"Na hawa wadogo?" aliuliza. "Hawa niliwaweka peke yao. Ni aina yao."

Fortunata akachukua dogo moja na kubwa moja, akayaweka pamoja kiganjani. Akampa kile kioo. "Angalia mistari ya huyu mkubwa, mzee. Ianzie kwenye kilele. Kila mstari ni mahali alipokua akafika. Umeona huu? Huu ni ukubwa wa huyu mdogo. Si aina nyingine. Ni watoto wao."

Benjamini aliangalia kwa muda. Halafu akayakusanya yale madogo kwa viganja vyote viwili, akayamwaga kwenye fungu la makubwa.

Avelina alikuwa amekaa juu ya ukingo. Alimwona mumewe anauliza, anaulizwa, anashika kioo cha mtaalamu. Hakuwa amemwona akiinama hivyo juu ya kitu chochote tangu shirika lifungwe. Benjamini aliuliza wana jina gani. Msichana akasema jina kamili halijui, yeye ni mtu wa miamba; Dar es Salaam yuko mtu wa mambo ya kombe na konokono, atampelekea. Ila ukoo wao haujafa. Jamaa zao wanaishi mpaka leo Kipili, na kwenye mito.

Kisha akatoa kichupa. Alidondosha tone la asidi juu ya kombe jeupe. Likachemka, likatoa povu. Akadondosha juu ya la kahawia. Tone likakaa tu, linang'aa.

"Hili la juu bado ni chokaa," alisema. "Kuku akila, linamfaa. Hili la chini lilikaa na maji ya ardhini mpaka chokaa yote ikatoka, gumegume, lile jiwe la cheche, ikaingia mahali pake. Umbo ni la kombe, mwili ni jiwe." Akamgeukia Avelina. "Mama, mlikuwa mnauza yapi?"

"Yote," Avelina alisema.

Fortunata alifunga kichupa chake. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya ofisi. Alieleza kwamba mahali kama hapa ni mali ya taifa, ni mabaki ya kale, na yeye ameshapaona, hawezi kusema hakupaona. Atatoa taarifa. Mpaka watu wa mambo ya kale waje, hapachimbwi. Na ng'ombe wasipite hapa, kwa sababu wanaponda.

"Na maji wanywe wapi?" Mayunga aliuliza.

Msichana aliinama kukusanya vifaa vyake. Mayunga alimtazama Avelina, akachomeka fimbo kwapani, akaenda zake bomani bila kuaga.

*

Jumamosi watu walijaa kwa mtendaji kuliko wanavyojaa siku ya mkutano wa maendeleo. Fortunata alikuja kama alivyoahidi, akasimama mbele ya ile meza isiyo na droo, akasema vitu hivi ni makombe ya kweli, ya wanyama waliowahi kuwa hai, hakuna aliyeyachonga wala kuyatengeneza. Minong'ono ikapita. Jirani mmoja alimfinya Avelina mkono kwa furaha.

Adolfu hakuwa mjinga. Aliuliza swali moja tu: kuku akila ya kahawia, anapata gamba? Fortunata akasema hapana. Akaulizwa kwenye viroba vilivyorudishwa kuna kahawia kiasi gani. Akasema alipita pale mlangoni kuvitazama. Ni kama nusu.

Mtendaji alijipepea. Akamwuliza Avelina, kwa upole zaidi kuliko siku ya kwanza, kama alijua. Ingekuwa rahisi kusema hakujua. Mtaalamu mwenyewe alikuwa ametumia asidi na kioo; nani angemlaumu mwanamke wa Izia asiye na kichupa? Benjamini alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na Avelina alijua kwamba hata yeye alikuwa anasubiri jibu.

"Kwamba ni jiwe sikujua," alisema. "Kwamba ni mazito nilijua. Niliyapenda kwa huo uzito. Kuku sikumfikiria."

Jirani aliyemfinya mkono aliuondoa wake taratibu. Adolfu, ambaye alikuwa amejiandaa kwa ubishi mrefu, alibaki na kidole hewani.

Mtendaji akaamua kama watu waliochoka wanavyoamua. Nusu yalikuwa mali halali na nusu hayakuwa, kwa hiyo nusu ya mabati yanabaki na nusu yanashuka. Habari ya polisi iishie hapo. Adolfu alisema anataka upande wa mbele, mabati yasiyo na kutu. Akapewa.

Nje, Fortunata alimsubiri Benjamini kando ya gari. Alihitaji ule ungo uende Dar es Salaam. Aliomba kama mtu anayeomba, lakini wote wawili walijua kwamba si la kuombwa. Benjamini alikubali. Alikwenda nyumbani akaomba magazeti ya zamani kwa fundi baiskeli, akayafunga makombe yote, kila moja na kipande chake, wazazi na watoto pamoja. Ungo akabaki nao. Alipoulizwa na Avelina kama hata moja hakubakiza, alisema yakitengana hayatasomeka.

*

Fundi wa Adolfu alikuja Jumatatu na vijana wale wale. Benjamini hakuwaruhusu wapande. Alisema kenchi zile za paa alizipiga kwa mkono wake, mtu mgeni atazipasua. Alipanda mwenyewe, akang'oa misumari mmoja mmoja, akaweka mfukoni ile iliyonyooka. Watu wa Izia walisimama. Si kwa ubaya wote. Wengine walikuja kushika bati lisianguke. Lakini walisimama, na kila bati lililoteremka lilipiga kelele kubwa barabara nzima. Avelina alitoa vyombo vya chumba cha mbele, kitanda, kabati la vyombo, picha ya ndoa, akavipanga uani kama watu wanaohama. Zita, binti yao, alirudi shule akakuta anga limeingia sebuleni. Alitazama juu, akatazama mama yake, akachukua ufagio.

Mayunga alitokea kabla ya jioni. Alikuwa amepandisha fahali wake wachache mnadani kwa mguu, siku mbili za kupanda Mbizi, na sasa alikuwa amewauza. Hakuja kwa salamu njema. Alisimama mlangoni, juu ya yale makombe yaliyobaki, akaanza palepale. Alisema watu wa wilaya walishafika korongoni na kupiga nguzo za miti. Ng'ombe wake wanazungushwa mbali, ndama wamedhoofu. Yeye alimbebea mama Zita viroba bila kumdai, na malipo yake yakawa hayo: kuletewa serikali kisimani.

"Ni kweli," Avelina alisema.

Mayunga alikuwa na mengi zaidi ya kusema. Lakini alipoinua macho, aliona mbingu mahali palipokuwa na paa, na Benjamini amekaa juu ya kenchi na misumari mdomoni, miguu inaning'inia. Upande wa Mbizi mawingu yalikuwa yamekwisha kuwa meusi kwa chini. Mvua za kwanza hazikuwa mbali.

"Nyasi huku kwenu mnakata wapi?" aliuliza.

Moto wa kiangazi ulikuwa umekula vilima vyote vya karibu. Zilibaki nyasi kwenye mabonde ya mbali tu, kule moto usikofika, na huko walikwenda wote watatu kesho yake na kesho kutwa, na mundu wa kuazima, wakirudi na matita vichwani. Mayunga alilala kwao. Hakusema tena habari ya korongo, wala hakusema kwamba amesamehe. Aliezeka kwa namna ya kwao, tabaka nene, na Benjamini akamfuata kwa kamba. Walipomaliza, nyumba ilikuwa na nusu ya bati na nusu ya nyasi, mfano wa mtu aliyevaa kofia mbili. Izia walicheka, na kwa muda fulani mtu akiuliza njia aliambiwa apite nyumba ya nusu kwa nusu. Avelina aliwasikia. Alizoea.

Mayunga aliondoka alfajiri moja bila kukubali hata kuchinjiwa kuku.

*

Mvua ilikuja alasiri ya siku isiyotarajiwa, kubwa, yenye upepo. Upande wa bati ilipiga makelele hata mtu akisema humsikii. Upande wa nyasi ilikuwa kimya; maji yalisikika yakianguka nje tu, mbali kidogo. Zita alikuwa bado shule. Bila kukubaliana, Avelina na Benjamini walijikuta wameketi chumba cha mbele, kwenye ukingo wa kitanda, wanaangalia maji yakipita mlangoni.

Kutoka Dar es Salaam hakukuja neno. Fortunata alikuwa amekwisha kwenda mkoa mwingine. Adolfu alipata makombe yake Kipili, na mapema wiki ile alikuwa ametuma kijana kumwuliza Avelina kama atakubali kibarua cha kuyachambua na kutoa mawe pale mashineni, kwa siku, kwa kuwa sasa hakuna anayejua kuyatenganisha kama yeye. Avelina alikuwa amesema ataanza Jumatatu. Benjamini hakupinga. Yeye alisema atashuka bondeni msimu huu, Mayunga ana shamba la mpunga la kupalilia, na kuna kisima cha kuchimbwa mahali pengine kwa ajili ya ng'ombe.

Walikaa. Kisha Benjamini akasema, bila kuulizwa:

"Siku ile walipofunga, walinifanya nihesabu stoo yote kwanza. Nikahesabu, nikatia sahihi. Nikatoka nje kwenda haja. Kurudi, wameshapiga komeo kwa ndani. Koti langu likabaki humo."

Avelina alimgeukia. "Lile la kijivu?"

"Lile."

"Mimi nilidhani umeliuza. Miaka yote hii nadhani umeliuza ukaona aibu kuniambia."

"Ningeliuzaje. Nilikuoa nalo." Alisugua magoti yake. "Nilishindwa kugonga mlango kwa ajili ya koti. Walikuwa mle ndani, nawasikia wanaongea. Mtu mzima nimesimama nje, nimeshindwa."

Avelina aliuweka mkono wake juu ya kitanda, kati yao, na baada ya muda mkono wa mumewe ukaja juu yake, mkavu, una mikwaruzo ya nyasi. Tone la maji likaanguka kwenye blanketi. Halafu jingine. Karibu na ukuta, pale kamba ilipolegea, nyasi zilikuwa zimepata njia.

"Shika huku," Benjamini alisema, akainuka.

Wakakishika kitanda kichwani na miguuni, wakakisogeza kuelekea katikati ya chumba, na Avelina akaenda jikoni kutafuta sufuria.